After Earth au 65: ukiwa na jioni moja tu, uipoteze kwa ipi?

Mtu anayetafuta filamu ya kujiokoa porini yenye vyombo vya anga na madubwana hufika mahali pa kuchagua: aangalie ile ya Will Smith na mwanawe, au ile ya Adam Driver na dinosaria? Swali lina haki yake, maana filamu hizi mbili zinafanana kupita kiasi. Zote zimetoka Columbia Pictures, chini ya Sony, zikipishana miaka kumi: After Earth mwaka 2013, 65 mwaka 2023. Katika zote mbili chombo cha anga kinapigwa na vimondo, kinaanguka Duniani na kukatika vipande viwili, na kile kipande chenye njia ya kuondokea kinaangukia mbali. Katika zote mbili wanaobaki hai ni mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Katika zote mbili kuna binti aliyekufa ambaye mzazi hajamaliza kumlilia. Na zote mbili zilipoingia kwenye majumba ya sinema, wahakiki hawakuzihurumia.

Tofauti ya wazi ni kalenda. After Earth inatokea miaka 1,000 baada ya binadamu kuihama Dunia waliyoiharibu wenyewe. 65 inatokea miaka milioni 65 iliyopita, na wasafiri wake ni watu wa sayari nyingine wanaofanana nasi kwa kila kitu.

Jibu langu kwa mwenye haraka ni hili. Kama unaangalia peke yako au na mtu mzima mwenzako, chukua 65: ni fupi na ina mwigizaji anayeijua kazi yake. Kama unaangalia na kijana wa miaka kumi na miwili hivi, chukua After Earth, kisha ukae naye mzungumze. Kama shida yako ni filamu ya aina hii iliyotengenezwa sawasawa, ziache zote mbili uende kwenye Pitch Black ya mwaka 2000. Sababu zinafuata, na kwa kuwa kasoro nyingi zimekaa karibu na miisho, nitaisema miisho hiyo waziwazi.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Filamu ya kujiokoa inasimama juu ya hesabu. Mtazamaji anatakiwa kujua muda wote kimebaki nini, kuna umbali gani, na kile kinachotaka kuua kinataka kwa sababu gani. Mengine yote, picha nzuri, milio, hata uigizaji, yanakuja baada ya hapo.

After Earth inalijua jambo hili, na ndiyo maana inaniudhi zaidi inapoharibika. Jenerali Cypher Raige, anayeigizwa na Will Smith, amevunjika miguu yote miwili na hawezi kutoka ndani ya chombo. Kifaa cha kuita msaada kiko kwenye mkia ulioangukia kilomita 100 hivi kutoka hapo. Anayeweza kwenda ni mwanawe Kitai peke yake, ambaye mwanzoni mwa filamu amenyimwa cheo cha uaskari kwa sababu bado hajakomaa. Hewa ya Dunia haimtoshi tena binadamu, hivyo Kitai anabeba vichupa vya dawa ya kuvuta inayomsaidia kupumua, na idadi ya vichupa tumeambiwa. Usiku baridi inagandisha kila kitu isipokuwa sehemu chache zenye joto la ardhini, kwa hiyo kila siku ana mahali pa kufika kabla jua halijazama.

Halafu vichupa viwili vinavunjika katika purukushani, na Kitai anamficha baba yake. Hapo filamu inapata pumzi kwelikweli. Mtoto anajua, sisi tunajua, baba anayemfuatilia kwenye skrini hajui, na hesabu ya kufika haitoshi tena. Hakuna dubwana lolote kwenye tukio hilo, lakini ndilo tukio lenye wasiwasi kuliko mengine yote. Baba anapogundua na kumwamuru arudi, mtoto anakaidi na kujirusha kutoka juu ya maporomoko. Huo ni uandishi mzuri. Ungeweza kuuchukua ukawapa watu wengine wauigize, na ukapata filamu ya kukumbukwa.

Sasa njoo kwa 65. Mills, rubani kutoka sayari iitwayo Somaris, ana bunduki ya kisasa na vilipuzi vidogo vya kurusha. Ukiniuliza bunduki hiyo imebaki na uwezo gani katika tukio lolote, siwezi kukujibu, na nashuku hata waandishi hawakuwa na daftari lake. Inafyatuka pale tukio linapotaka ifyatuke. Njaa na kiu havimsumbui mtu kwa muda wa kutosha kuwa tatizo. Chombo cha kuondokea kiko juu ya mlima ulio kilomita 15 kutoka hapo. Kilomita 15! Watoto wengi wa vijijini kwetu wanatembea nusu ya hizo kwenda shule na kurudi. Najua kuna kupanda mlima na kuna wenye meno njiani, lakini umbali huo ungeweza kufanywa mrefu kwa kutuonyesha kila hatua inagharimu nini. Filamu haifanyi hivyo. Inaruka kutoka msitu hadi pango hadi bonde la chemchemi za maji moto, na kila sehemu ina mnyama wake anayesubiri zamu.

Jambo hili linauma kwa sababu ya nani waliandika na kuongoza. Scott Beck na Bryan Woods ndio walioandika A Quiet Place ya mwaka 2018, pamoja na John Krasinski. Ile ilikuwa na sheria moja tu: ukipiga kelele, unakufa. Kutokana na sheria hiyo moja, msumari uliochomoza kwenye ngazi uliweza kuwabana watu pumzi ukumbi mzima, na mwanamke anayejifungua akawa tukio la vita. Watu walewale walipopewa dinosaria, bajeti ya dola milioni 45 na Sam Raimi kama mmoja wa watayarishaji, hawakuweka sheria hata moja. Dinosaria wa 65 wanakusikia wakitaka, hawakusikii wasipotaka.

Kuna kosa jingine, la saa. Kimondo kikubwa kinachokuja kuwamaliza dinosaria kinagunduliwa na Mills filamu ikiwa imeshaenda mbali, kana kwamba ni habari mpya. Lakini sisi tuliambiwa kwenye jina la filamu, kwenye bango, kwenye trela. Hapa palikuwa na njia mbili nzuri: kuficha kwamba hii ni Dunia mpaka mwisho, au kuanza na saa inayohesabu kurudi nyuma tangu dakika ya kumi. Filamu imechagua kukaa katikati, na katikati hapana faida yoyote.

Wanyama wasiopumzika

Aliyewahi kuingia Mikumi, Serengeti au ile hifadhi ya pembeni ya Nairobi anajua malalamiko ya watalii: simba wamelala tu. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Mnyama anayewinda anapima. Kukimbiza kunakula nguvu, kuumizwa mguu ni njaa ya wiki nzima, na kitu asichokijua anakizunguka kwanza kabla ya kukigusa. Woga anaokupa simba unatokana na hilohilo, kwamba anafikiri na wewe hujui anafikiri nini.

Dinosaria wa 65 hawafikiri. Hawanywi maji, hawalindi mayai, hawamwogopi mkubwa wao, hawashangai kuona kiumbe cha miguu miwili kilichoshuka na moto kutoka angani. Wanatokea gizani wakiwa wameshakasirika. Mara ya kwanza unaruka kwenye kiti. Mara ya nne unaanza kubahatisha: sasa muziki umenyamaza, basi anatokea upande wa kushoto. Tukio moja tu linakwenda kinyume. Yule mtoto, Koa, anamkuta dinosaria mdogo amenasa kwenye tope zito, anasaidia kumvuta, mnyama anatoka na kwenda zake akiyumba. Muda mfupi baadaye wenzake wenye meno wanamrukia na kumla. Ni tukio dogo lenye ukatili wa kweli wa porini, na filamu ilipaswa kuwa na mengi ya namna hiyo.

Kwenye After Earth wanyama wameandikwa vizuri zaidi, jambo ambalo wengi hawalisemi kwa sababu picha zao za kompyuta zimechakaa vibaya. Nyani wanamshambulia Kitai kwa sababu ameshikwa na hofu akampiga mmoja jiwe, baba yake akiwa anamwambia atulie. Kosa ni lake, na anayejua nyani wa kandokando ya barabara zetu hatabisha kwamba wangelipiza. Halafu kuna lile ndege kubwa linalomnyakua na kumpeleka kwenye kiota. Wanyama jamii ya paka wanakuja kula makinda, Kitai anapigana kuyaokoa na kushindwa, yote yanakufa. Usiku wa baridi kali ndege yule anamfuata, anamvuta kwenye shimo na kumfunika kwa mwili wake mpaka yeye mwenyewe anaganda. Ni jambo la hadithi za bibi, halitokei porini. Lakini lina sababu, na kwa sababu hiyo linagusa.

Ila dubwana kuu la After Earth, Ursa, ni kasoro inayotembea. Ni kiumbe kipofu kilichotengenezwa na maadui kutoka sayari nyingine ili kiwaue binadamu, na kinamwona mtu kwa harufu ya woga wake. Kama wazo, ni zuri. Kama mnyama wa kuonekana kwenye skrini, ni bonge la ngozi na meno lisilo na umbo la kukumbukwa, na linaingia vitani zikiwa zimebaki dakika chache tu, baada ya kutajwa filamu nzima.

Kuhusu sayansi, kwa kifupi kuliko inavyosemwa

Wapo wanaozikataa filamu hizi kwa makosa ya kisayansi. Makosa yapo. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita kwa vipimo vya sasa. 65 ni tarakimu ya vitabu vya zamani. Kimondo kilichoangukia Chicxulub, kwenye rasi ya Yucatán huko Mexico, kiliacha shimo lenye upana wa takriban kilomita 180, na filamu inakionyesha vizuri kuliko inavyowaonyesha wanyama. Tangu miaka ya 1990 visukuku kutoka China vimethibitisha kwamba dinosaria wengi wala nyama, hasa wadogo, walikuwa na manyoya. Wa 65 wana ngozi tupu kama mijusi waliochunwa.

Na kwa msomaji wa kwetu kuna jambo la kuchekesha pembeni. Ukisikia dinosaria huenda unamfikiria yule wa Tendaguru, Lindi, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin ikiwa na kimo cha zaidi ya meta 13. Yeye aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Maana yake Tyrannosaurus aliyekufa na kimondo yuko karibu zaidi na sisi kwa wakati kuliko alivyokuwa karibu na mjusi wetu wa Lindi. Filamu za Marekani huwachanganya wote kwenye chungu kimoja na hakuna anayelalamika.

After Earth nayo inadai kila kiumbe Duniani kimebadilika ili kimuue binadamu, ndani ya miaka 1,000, wakati binadamu mwenyewe hayupo. Wamejifunzia kwa nani? Na misitu inayoganda kila usiku inawezaje kuwa minene hivyo asubuhi? Maswali ni halali, lakini si hayo yaliyoiangusha filamu. Watu walisamehe makosa makubwa zaidi ya haya kwenye filamu walizozipenda. Tunaanza kuhesabu manyoya pale tu tunapokuwa tumeshachoka na hadithi.

Baba, mtoto, na maneno yasiyosemwa

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika, kwa sababu filamu yenye watu wawili tu inaishi au kufa kwa watu hao wawili.

Will Smith na Jaden walikuwa wameshaigiza baba na mwana kwenye The Pursuit of Happyness ya 2006, na watu walilia. Mtazamaji wa After Earth alikuja akitarajia joto lile. Akakuta barafu. Hadithi, ambayo Will Smith mwenyewe ndiye aliyeibuni, inadai kwamba asiyeogopa haonekani kwa Ursa, na Cypher ni bingwa wa kutoogopa. Kwa hiyo mwigizaji mwenye uso changamfu kuliko wengi Hollywood anakaa kwenye kiti, miguu imevunjika, akitoa amri kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Juu ya hapo wahusika wamepewa lafudhi ya kubuni ya wakati ujao, ambayo haionekani kumkaa mdomoni yeyote kati yao. Mwongozaji M. Night Shyamalan, ambaye kwenye The Sixth Sense ya 1999 alipata uigizaji wa ajabu kwa mtoto, safari hii alimwacha kijana wa miaka 13 au 14 abebe filamu ya dola milioni 130 mgongoni, akiongea peke yake na pazia la kijani la kuwekea picha za kompyuta.

Matokeo yake yanajulikana. Kwenye tuzo za dhihaka za Razzie za 2014 Jaden alipewa ya mwigizaji mkuu mbaya, baba yake ya mwigizaji msaidizi mbaya, na wote wawili wakapewa nyingine kwa pamoja. Filamu ilikusanya kama dola milioni 243 duniani, lakini Marekani kwenyewe ilipata milioni 60 tu. Will Smith alikuja kusema hadharani kwamba hakuna anguko lililomuuma kama hilo, kwa kuwa alimwingiza mtoto wake ndani yake. Nadhani dhihaka kwa mtoto ilipita mpaka. Kijana alifanya alichoambiwa, na alichoambiwa ni asionyeshe kitu.

Lakini tazama tena hiyo sheria ya kutoogopa. Kwetu mvulana anaambiwa "mwanaume halii" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Cypher ni baba huyo, amepewa tu sare na chombo cha anga. Binti yake aliuawa na Ursa yeye akiwa kazini, mdogo wake Kitai akishuhudia, na tangu siku hiyo baba na mwana hawajaweza kulizungumza. Filamu inapofika mwisho, Kitai ameua Ursa, ameita msaada, baba anaomba asimamishwe ampigie mwanawe saluti. Saluti! Mtoto anaingia kifuani mwake na kumwambia anataka kwenda kufanya kazi na mama. Baba anasema hata yeye. Sentensi hiyo ina maana kubwa kuliko hotuba zote zilizotangulia, na filamu inaitupa kama mzaha wa kufungia. Ndiyo maana napendekeza uiangalie na kijana: mazungumzo mazuri yako hapo hapo, filamu haikuyamaliza, mnaweza kuyamalizia wenyewe.

65 ina Adam Driver, na hilo linatosha kuibeba saa nzima. Mills alikubali safari ya miaka miwili ili apate fedha za matibabu ya binti yake Nevine, na binti akafa baba akiwa bado njiani. Driver haongei sana juu ya hilo. Anafungua ujumbe wa video wa binti, anaangalia, anafunga. Anavyomtazama Koa mara ya kwanza, kwa kero na hofu ya kupewa mtoto mwingine wa kumpoteza, inatosha kabisa.

Koa, anayeigizwa na Ariana Greenblatt, anatumia lugha nyingine, na kifaa cha kutafsiri kimeharibika. Wazo la kufungua milango yote. Mills anamdanganya kwamba wazazi wake wako kule mlimani, ili akubali kutembea, wakati anajua wamekufa. Uongo huo ulipaswa kuwa ndiyo filamu yenyewe. Kila hatua kuelekea mlimani ingekuwa hatua kuelekea siku ya kuumbuka. Tungekaa tukimwogopea Mills zaidi ya tunavyoogopa meno. Badala yake uongo unafichuka, mtoto anaumia, halafu anatokea mnyama na wote wanakimbia, na baada ya hapo suala limeisha. Lugha nayo inakuwa kisingizio cha kutoandika mazungumzo. Mnabaki na watu wawili wanaonyoosheana vidole na kurudia maneno mawili matatu.

Kwa hiyo naona hivi: After Earth ni filamu iliyopangwa vizuri ikaigizwa vibaya, na 65 ni filamu iliyoigizwa vizuri ikapangwa vibaya. Uigizaji mbaya unauma kila dakika, mpango mbaya unaugundua ukishazima. Hiyo ndiyo sababu 65 inapita kwa urahisi zaidi, ingawa ukweli ni kwamba kesho yake hutakumbuka kitu zaidi ya uso wa Driver.

Ile ya tatu

Pitch Black iliongozwa na David Twohy, ikapigwa Coober Pedy kwenye jangwa la Australia Kusini, kwa dola milioni 23 hivi. Chini ya robo ya fedha za After Earth. Chombo kinaanguka kwenye sayari yenye majua matatu, ambako usiku hauji. Walionusurika wanakuta makazi ya watafiti yaliyoachwa, na ndani yake kuna kifaa cha mfano wa sayari. Wanakizungusha kwa mkono, sayari zinapangana, na wanaelewa: kila baada ya miaka 22 kunatokea kupatwa kwa majua, giza tupu, na safari hii limekaribia. Madubwana walio chini ya ardhi hawavumilii mwanga. Gizani wanatoka.

Ndani ya dakika chache umepewa hesabu yote. Mwanga ndio uhai. Gari linatumia nguvu ya jua, kwa hiyo gizani halifai. Betri za chombo cha kuondokea ni nzito na lazima ziburutwe kwa miguu. Kila taa inayozimika unaihesabu bila kuambiwa, kila chupa ya pombe inayogeuzwa mwenge unaijua.

Na wahusika wana uzito. Rubani Fry, wakati chombo kinaanguka, alitaka kuwatupa abiria waliolala ili ajiokoe. Wao hawajui, sisi tunajua. Johns anayejifanya askari ni mwindaji wa fedha na mtumwa wa mofini. Kuna imamu anayesafiri na vijana watatu kwenda kuhiji Makka Mpya, na filamu inampa heshima ambayo filamu nyingi za Hollywood hazikuwapa Waislamu miaka ile. Anawapoteza vijana wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na bado anabishana na Riddick, yule muuaji aliyefungwa pingu, juu ya Mungu. Riddick ni Vin Diesel, kabla hajawa Vin Diesel wa magari.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulilelewa na kanuni ya stelingi hafi. Unamtambua stelingi kwa dakika tano za mwanzo, kisha unatulia, maana risasi zitampita pembeni. After Earth na 65 zinaifuata kanuni hiyo kwa utii, na kwa kuwa zina watu wawili tu, hakuna hata mwenzake wa kufa badala yake. Pitch Black inakufanya umtambue stelingi, halafu inakuonyesha ulikosea. Sitasema ni nani, hii moja nitaiheshimu.

Mambo ya kujua kabla hujabonyeza

65 ina dakika 93, After Earth 100, Pitch Black karibu 110. Mbili za kwanza Marekani zimepewa alama ya kuruhusu watoto kwa uangalizi wa mzazi, lakini usizichukulie kirahisi. After Earth inaonyesha miili ya watu iliyotundikwa mitini na Ursa, na kifo cha dada kinarudiwa kwenye kumbukumbu. 65 ina mishtuko ya ghafla mingi, na tukio la mdudu mdomoni mwa mtoto aliyelala ambalo halitamwacha alale mtoto wa miaka saba. Pitch Black ina damu, matusi na dawa za kulevya, na ni ya watu wazima.

Kwa wanaoangalia na mtu wa kusimulia kwa Kiswahili, kwa mtindo wa marehemu Lufufu au DJ Afro, 65 ndiyo inafaa kuliko zote. Maneno yake ni machache, nafasi za kujaza ni nyingi, na msimuliaji hodari anaweza kuwapa dinosaria wale sababu ya hasira ambayo waandishi hawakuwapa. After Earth ikisimuliwa inapoteza ile sauti baridi ya Cypher, na sina hakika kama hiyo ni hasara.

Ukiipenda Pitch Black usikimbilie moja kwa moja The Chronicles of Riddick ya 2004. Ile ni vita vya falme na majeshi, kujiokoa hakumo kwa kiasi kikubwa. Nenda Riddick ya 2013, anakoachwa tena peke yake kwenye sayari ya hatari. Nusu yake ya kwanza ndiyo inayorudi kwenye ladha ile. Na kama unataka kitu cha karibuni zaidi, Prey ya 2022 inamweka binti wa Kikomanche na shoka lake mbele ya mwindaji kutoka angani, mwaka 1719, na iko pia kwa sauti ya Kikomanche kwa atakayependa kuisikiliza hivyo.